Soketi ya Pili

Nilifika Homa Bay siku ya Ijumaa, jua likiwa limebakiza kimo kidogo tu juu ya ziwa. Nilikuwa nimekuja kununua bodi ya kompyuta, basi. Mke wangu Joyline aliniagiza pia omena wakavu, wale dagaa wa ziwani, na hao nilikuwa nimeshawanunua sokoni. Walikuwa kwenye mfuko wa karatasi kwapani mwangu, wananuka kama kawaida yao.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Kwangu Migori nilikuwa nafundisha kompyuta sebuleni. Nilikuwa na mashine nne kuukuu zisizo na diski, na wanafunzi waliochoka kunisikia nikisema subirini. Nilitaka seva. Mashine moja yenye nguvu ikae kona ya nyumba, zile nne zichote kila kitu kwake, mchana na usiku bila kuzimwa. Keisi nilikuwa nayo. Prosesa nilikuwa nayo, moja. Nilikosa bodi, ule ubao unaobeba vyote. Na bodi ya seva si ya kuokota popote. Ukiweka ya kawaida ukaiwasha siku nzima, itaungua kabla ya Krismasi. Wewe unalijua hilo, ndiyo maana umetoka mbali.

Mtengeneza redio mmoja pale Migori aliniambia kuna fundi Obare, Homa Bay, ana bodi mbili nzuri. Hakuniambia kwamba Obare amekufa. Hilo niliambiwa na kaburi.

Lilikuwa mbele ya dirisha la nyumba, hatua tano hivi, udongo bado mwekundu.

Mjane wake, Mong'ina, alinifungulia mlango kabla sijabisha. Ni mwanamke wa Kisii, mrefu, mpole, na sauti yake lazima uisogelee ndipo uisikie.

"Umekuja kuona mzee?"

"Nimekuja kuona bodi, mama. Pole kwa msiba."

"Bodi ziko. Ingia."

Ndani palinuka risasi ya kuchomea nyaya, harufu ya karakana yoyote. Chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine... udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi. Nikajiambia inaingia kutoka dirishani.

Bodi zilikuwa mezani, kama unavyoziona wewe. Ya kulia ilikuwa mpya, bado katika boksi lake, soketi moja ya prosesa. Bodi ya heshima, haina neno. Lakini ya kushoto, ndugu yangu... Soketi mbili. Nafasi nane za kumbukumbu, tena zile za kujikagua makosa, zisizopoteza hata herufi moja. Niliigeuza chini ya taa nikatafuta kasoro kama mtu anayenunua ng'ombe. Hakuna kilichovimba, hakuna kutu, hata vumbi hakuna. Nilikuwa na prosesa moja, kweli, lakini soketi ya pili ningeijaza siku nikipata. Nilishaanza kuipenda.

"Wazee walishakaa?" nikamuuliza.

Kwetu mtu akifa, vitu vyake havitoki nyumbani mpaka ndugu zake wakae kikao wavigawe. Hata jembe halitoki. Na kibaya kuliko vyote ni chombo chake cha kazi. Anayekichukua kabla ya kikao amechukua nafasi ya mwenyewe, ndivyo nyanya yangu alivyotuambia tukiwa watoto. Tulimcheka.

"Hawajakaa," Mong'ina akasema. "Shemeji zangu wanagombania hii nyumba. Hiyo ya kulia si ya mzee, mtu aliacha tu hapa. Hiyo beba. Ya kushoto ni yake. Ungengoja Jumapili, pengine watakaa."

Mimi ni Msabato. Jua likizama Ijumaa sinunui kitu wala siuzi, mpaka lizame tena kesho yake. Nikachungulia dirishani. Lilikuwa limegusa maji. Nilikuwa na dakika tatu au nne za kuchagua kwa uhalali, na Jumapili niliiona iko mbali kama Pasaka. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mjinga. Sheria moja niliishika kwa nguvu zote, na nyingine nikaikanyaga ili niishike ile.

"Uko na bibi nyumbani?" Mong'ina akauliza.

"Niko naye, Joyline."

"Anakupenda?"

Swali gani hilo kwa mteja? Nikacheka. "Ananipenda sana, mama."

"Sawa. Chagua wewe mwenyewe. Mimi siwezi kukuchagulia, wala kukushikia. Nimekuambia ile ni yake. Chukua na mkono yako."

Nikachukua ya kushoto.

Ilikuwa na joto.

Kitu kilichokaa mezani bila umeme kina joto, na mimi fundi mzima sikujiuliza. Halafu mtu akakohoa nyuma ya pazia la chumbani. Kikohozi kikavu, kimoja.

"Nani yuko ndani?"

"Hakuna mtu," Mong'ina akasema. Akasikiliza kidogo. "Sasa hakuna."

Nikalipa, nikaondoka na jua likazama.

Siku nzima ya Sabato bodi ilikaa juu ya kabati, nimeifunga kwa taulo. Tulikwenda kanisani, tukarudi. Joyline akasema nyumba inanuka udongo, akapiga deki mara mbili. Alikuwa mtu wa kupenda usafi. Jioni, jua lilipozama, akaingia jikoni kusonga ugali, nami nikafungua taulo sebuleni.

Nilifanya kazi yangu vizuri, hilo hata adui yangu hatalikana. Prosesa yangu nikaiweka kwenye soketi ya kwanza. Ya pili nikaiacha tupu. Nikafunga feni, nikachomeka kumbukumbu, nikaunganisha kioo, nikabonyeza swichi.

Kioo kikaandika: *Prosesa, mbili.*

Nikainamisha taa. Soketi ya pili ilikuwa tupu, vitundu vyake vyote naviona. Nikagusa kwa ncha ya kidole. Ilikuwa ya moto.

Nikazima. Nikang'oa prosesa yangu, ile moja, nikaishika kiganjani. Sasa bodi haina kitu. Bodi isiyo na prosesa ni sinia tu, haiwezi hata kulia pii. Nikabonyeza swichi kwa kujaribu.

Feni ikazunguka.

*Prosesa, moja.*

Harufu ya udongo ikajaa sebule nzima. Ndipo Joyline akaita kutoka jikoni.

"Nicanor, wacha hiyo kitu ukuje ukule."

Nikafungua mdomo nimjibu.

"Nakuja, Joy."

Si mimi niliyejibu.

Sauti ilikuwa yangu. Ilitoka nyuma yangu, kwenye ujia wa kwenda jikoni. Halafu nikasikia patipati zangu... pati, pati, pati... zikiniacha, zikielekea jikoni. Nikatazama miguu yangu. Nilikuwa peku.

Nikasikia kiti kikivutwa, maji ya kunawa yakimiminwa. Mtu akasema jambo kwa sauti ya chini, na Joyline akacheka. Alicheka kicheko kirefu cha mwaka wetu wa kwanza wa ndoa. Nilikuwa nimesahau kwamba anacho.

Niliing'oa bodi kwenye keisi, nyaya zikakatika, nikaenda nayo hadi mlango wa jikoni. Mtu alikuwa amekaa kwenye kiti changu, amevaa shati langu la kanisani, anakula omena niliowabeba mwenyewe kutoka Homa Bay. Akageuka. Mimi hujitazama kwenye kioo kila asubuhi nikinyoa ndevu, najijua. Ule ulikuwa uso wangu.

Joyline akainua macho, akaniona. Mwiko ukamtoka mkononi.

"Wewe ni nani?" akasema polepole. "Umeingiaje hapa?"

"Joy. Ni mimi."

Akarudi nyuma mpaka ukutani, akaita jirani. Gisiri akaja na rungu lake. Ni Mkuria, mlinzi wa ghala, mtu tuliyekula naye Krismasi mbili. Akanitazama kama mtu anayetazama mwizi.

"Toa kitambulisho."

Nikatoa. Nilishukuru hata, nikajua sasa mambo yamekwisha. Gisiri akakisogeza kwenye taa, akasoma kwa sauti. Akasoma jina la Obare. Nikamnyang'anya nikaangalia. Kwenye picha palikuwa na mzee mwenye macho makavu, simjui.

Nilibaki na kitu kimoja tu. Mtoto wetu wa kwanza alifia tumboni mwa Joyline, miezi saba, na tulimpa jina sisi wawili kitandani, hatukumwambia binadamu yeyote. Nikamwambia, "Joy, tulimwita Kezia."

Uso wake ukabadilika. Moyo wangu uliruka kwa furaha, nakuambia kweli, nilidhani amenirudia. Lakini hakunitazama mimi. Alimgeukia yule.

"Nicanor," akasema, na machozi yakamtoka, "ulimwambia mtu jina ya mtoto?"

"Sijawahi kumwambia mtu," yule akasema. Akainuka, akamkumbatia, akamfuta machozi kwa kidole gumba, vile ninavyofanya mimi. Joyline akalaza kichwa kifuani pake. Juu ya nywele zake yule akanitazama, wala hakunicheka. Alinitazama kama mtu aliyeshiba.

Rungu la Gisiri likanishukia begani, halafu mgongoni.

"Msimpige," yule akasema. "Ni mgonjwa wa kichwa. Mpeni chakula kwanza. Ametoka mbali."

Joyline akanipakulia ugali na vichwa vya omena kwenye sahani ya plastiki, ile tuliyokuwa tukimwekea paka. Akaiweka nje ya kizingiti, akaisukuma kwa mguu. Nami nilikula. Nilikaa chini nje ya mlango wangu nikala mpaka nikalamba sahani, kwa sababu nilikuwa na njaa, na kwa sababu alipika yeye. Sijala cha mkono wake tena tangu siku hiyo.

Jumapili nikarudi Homa Bay, bodi kwapani. Nilipopita sokoni, wanawake wa samaki walinyamaza mmoja baada ya mwingine, wakaacha karai zao na kurudi nyuma. Mzee mmoja alivua kofia. Mwendesha baiskeli niliyemsimamisha aliiangusha baiskeli barabarani akakimbia kwa miguu. Wao walimzika Obare. Walimwaga udongo kwa mikono yao.

Kaburi lilikuwa limedidimia katikati. Mong'ina alifungua mlango kabla sijabisha.

"Umerudi," akasema. "Kuna chai."

"Nimeleta bodi yako. Nirudishie vitu vyangu."

"Bodi weka mezani. Hizo zingine si mimi nilichukua."

Nilimshika shingo. Ndiyo, nilimshika, na sioni aibu kukuambia. Hakuhangaika. Alingoja mikono yangu ichoke, akanieleza kwa ile sauti yake ya kusogelewa.

"Mzee alikuwa anataka kutoka. Mimi nilikuwa nataka mtu wa kukaa. Shemeji zangu walisema mwezi ukiisha wananitoa hapa na nguo yangu moja. Sasa watapita hapo nje, watamwona kaka yao kwa dirisha, ameshika kazi yake. Unafikiri watakuja?"

Hawakuja. Jioni ile ile walifika wawili, wakaniona dirishani, wakarudi mbio. Mpaka leo hawajakaa kikao, na sasa ni nani atakayegawa vitu vya mtu anayeonekana mezani kwake? Mong'ina amepanda mahindi mpaka ukingoni mwa kaburi. Yamezaa vizuri.

Kuhusu yule aliye kwangu, sijui ni Obare au ni kitu kilichovaa Obare kabla ya kunivaa mimi. Mong'ina naye nimemuuliza, anasema mume wake alikuwa mtu wa kawaida, alipenda chai ya maziwa na redio. Nasikia kule Migori mashine zote nne zinafanya kazi, wanafunzi wamejaa, na Joyline ana mimba kubwa. Nikisikia hivyo nafurahi, halafu nalia.

Mwezi ujao nitatimiza mwaka. Watu wa hapa hawanikaribii, kwa hivyo wateja wangu ni wageni kama wewe, wanaotoka mbali na hawajui nani alizikwa wapi. Wawili walikuja kabla yako. Niliwaeleza yote haya, kwa sababu ndilo sharti, mtu aambiwe halafu achague mwenyewe. Mmoja aliondoka hata bila kumaliza chai. Mwingine alichukua ya boksi, na Mong'ina akatafuta nyingine ya kuweka pale kulia.

Wewe unacheka. Hata mimi nilimcheka nyanya yangu.

Lakini nimekuwa nikikuangalia muda wote huu ninapoongea. Umehesabu nafasi za kumbukumbu mara mbili. Umeigeuza chini ya taa. Jua hilo linazama, na tangu nilipotaja soketi ya pili mkono wako haujatoka juu ya hiyo ya kushoto.

Ina joto, sivyo?

Basi niambie kitu kimoja, ndugu yangu. Uko na bibi nyumbani?