Sahani na Manyanga

Dadi hakuwahi kuelewa kwa nini zafarani ile ilikataa kutoka. Aliiandika kwa mkono wake kwenye sahani nyeupe, akamimina maji ya waridi, akayazungusha kama alivyofundishwa, na maji yakarudi kikombeni meupe kama hayakugusa kitu. Maandishi yalibaki yaking'aa. Miaka mingi baadaye aliuliza huku na huko, kwa wajuzi na kwa wasio wajuzi. Kila mmoja alimpa jibu lake, na hakuna lililomtosha.

Ilikuwa Kibondo, nyumbani kwa kaka yake Saidi, muuza kanga na vitenge, mwaka ule watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vipya. Kuruthumu, mke wa Saidi, alikuwa amejifungua karibuni na usingizi ulikuwa umemwacha. Akisinzia, alihisi mtu akimvuta kidole cha mguu. Halikuwa jambo kubwa. Kombe moja la kunywa, maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwa maji ya waridi, lingetosha, na Dadi alilijua hilo tangu akiwa juu ya lori la tumbaku lililomtoa Kasulu.

Lakini mama yao, Mwajabu, alikuwa amekwisha kutangaza sokoni. "Mwanangu ana uganga wa aina mbili," alisema. "Wa kitabu kaupata kwa Mwalimu Tamimu. Wa manyanga kaupata kwa shangazi yangu kule Munanila. Nitajieni mwingine!"

Ilikuwa kweli, kwa namna fulani. Kwa Mwalimu Tamimu, Dadi alijifunza kuandika, akaondoka kabla ya kufundishwa kufunga. Kwa Bibi Niyitegeka, shangazi huyo wa Munanila, alijifunza kuita pepo, akaondoka kabla ya kufundishwa kuaga. Kila alipochoshwa na mmoja, alikimbilia kwa mwingine.

Basi alipoona majirani wamejaa ukumbini, kombe peke yake likaonekana dogo machoni pake. Akaandika sahani, akafukiza udi, kisha akatoa manyanga ya bibi, vibuyu vya kutikisa, kwenye mfuko.

"Shemeji, mimi nataka kulala tu," Kuruthumu alisema.

"Utalala, shemeji. Utalala kama gogo."

"Gogo gani linanyonyesha?" jirani mmoja alidakia, na watu wakacheka.

Dadi akayatikisa manyanga juu ya sahani. Alihisi nguvu zikimpanda kutoka pande zote mbili, zikakutana kifuani zikawa kitu kimoja, na akafurahi, kwa kuwa hakuna mwalimu wake hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba jambo hilo linawezekana. Kicheko kikakatika. Ukumbini kukaingia harufu ya udi na ya ngozi mbichi iliyolowa, zikiwa zimeshikana. Ndipo akamimina maji ya waridi, na zafarani ikakataa.

Tangu siku hiyo, kila jua lilipofika utosini, kuku waliacha kuparua, vitenge dukani vikawa na unyevu kama vimetoka kufuliwa, na Kuruthumu akakaa wima mkekani, macho wazi, akipiga mdundo wa manyanga kwa kucha zake sakafuni, polepole, huku mtoto akilia pembeni na kulikataa ziwa la mama yake kwa sababu maziwa yenyewe yalikuwa yamechukua harufu ile ya ngozi, na kutoka kinywani mwa mwanamke huyo mpole ikatoka sauti isiyo ya kiume wala ya kike, yenye adabu, kama ya mgeni aliyechoka kusubiri mlangoni:

"Niliitwa na wawili ndani ya mtu mmoja. Nani ananiaga?"

Dadi alijaribu kuandika. Alijaribu manyanga. Kila alipomaliza, sauti iliuliza tena, kwa adabu ile ile.

"Mtoto anakauka, Dadi," Saidi alimnong'oneza uani. "Unajua unachofanya, au hujui?"

Dadi akatikisa kichwa: hajui. Saidi akatuma watu Kasulu kwa mwalimu na Munanila kwa bibi.

Walimu wa Dadi wakafika, wakaketi pande mbili za ukumbi, na Mwajabu akawaletea maji bila kuthubutu kuwatazama. Bibi Niyitegeka aliyatazama manyanga. Mwalimu Tamimu aliinama juu ya sahani.

"Hii si aya," mwalimu alisema taratibu. "Haya ni majina ya majini. Ingekuwa aya nisingeruhusu iguswe. Nani alikufundisha?"

"Nilikuona ukiandika, mwalimu. Nilisimama nyuma yako."

"Yemwe!" bibi akaguna. "Mwana wanje, mwanangu, kwangu ulifika wapi?"

"Kuita, bibi."

"Kwa mwalimu?"

"Kuandika."

Alisema hayo mbele ya mama yake, na Mwajabu akajifunika uso kwa kanga.

"Sikiliza," bibi alisema, bila ukali. "Nguvu hujumlika. Za kwangu na za mwalimu ulizimwaga katika mtungi mmoja, ndiyo maana mkubwa huyu alikusikia. Ujuzi haujumliki. Kwangu wewe ni mwanzo, kwake ni mwanzo. Umemwita kama mzee, na huna la kumuaga nalo ila la mtoto."

"Bibi, muageni ninyi."

"Mimi sikumwita," alisema mwalimu. "Akiniuliza, nitamjibu nini?"

Nje, kuku wakanyamaza. Kucha zikaanza kugonga sakafu.

Wazee wale wawili, ambao hawakuwahi kuketi chumba kimoja, wakashauriana kwa sauti ya chini, kisha wakaafikiana: aliyeita asiwepo tena. Dadi arudishe kwa kila mmoja alichopewa, kwa mdomo wake, na asiandike wala kutikisa chochote maisha yake yote. Sahani na manyanga vivunjwe kizingitini kwa pigo moja. Lakini mwalimu hawezi kuvunja kitu cha bibi, wala bibi cha mwalimu, na mkono wa Dadi una wote wawili. Avunje asiye na elimu hata moja.

Dadi akapiga magoti. "Mwalimu, narudisha uandishi. Bibi, narudisha mwito." Sauti yake ilikuwa ndogo, na majirani dirishani waliisikia.

Kucha zikasita.

"Nani ananiaga?" sauti iliuliza, mara hii kwa mashaka, kama mgeni anayetazama nyumba tupu.

Hakuna aliyejibu. Kuruthumu alitetemeka, akapepesa macho, akayageuza kwa mtoto wake. Bibi akamnyooshea mchi wa kinu. Akaupokea, akajikokota hadi mlangoni palipowekwa vitu vile pamoja, akavipiga nao kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Harufu ikatoka kama inavyotoka moshi mlango ukifunguliwa. Mtoto akalia, akatafuta ziwa, akalipata.

Vigae vilitapakaa, na kwenye kila kimoja zafarani ilikuwa bado inang'aa. Kuruthumu alivitazama, kisha akachukua ufagio nyuma ya mlango akampa Dadi.

"Zoa, shemeji," alisema.

Dadi akazoa.