Sanduku la Mwisho Ukumbini

Cheka ukitaka, lakini haya yalimpata rafiki yangu, fundi seremala wa jumba la makumbusho, na yule kuongopa hajui.

Yeye na shemeji yake, mume wa dada yake, walikuwa wakipangua maonyesho ya mapanga ya vita. Mapanga yalikwisha kuondolewa, yakabaki masanduku ya mbao zinazoshikana kwa kulabu: leo yanabeba silaha, kesho yanageuka viti vya watoto. Ghafla umeme ukakatika. Ukumbi hauna hata dirisha moja, giza totoro. Mara, kwa! kwa! kwa! Mbao zinakatwa kwa hasira.

"Shemeji, taratibu! Hizo tunazitumia tena!"

"Mimi niko hapa ubavuni pako," shemeji akamnong'oneza sikioni.

Mapigo yakazidi. Kitu kikakoroma kama mbuzi anayechinjwa, kisha kimya. Taa zikawaka. Sanduku la mwisho, ambako sauti ilitokea, lilikuwa zima, rangi haina hata mkwaruzo. Wakafungua kulabu. Ndani, mbao zilikuwa zimecharangwa vibaya, na juu ya vibanzi kulikuwa na kidole cha mtu, bado kina joto, kimevaa pete ya ndoa.

Shemeji akainua mkono wake. Vidole vyote vilikuwepo. Pete yake haikuwepo.