Kijiko cha Pili

Habari hii alinisimulia binti wa jirani yangu, wiki ile shule zilipofungwa, tukiwa tumekaa kibarazani tunachambua maharage. Ana miaka kumi na miwili. Kila alipofika mahali panapouma alikuwa akiharakisha, nami nikimwambia, rudi nyuma, sema polepole, maharage hayana haraka.

Kwao wanaishi wanne: yeye, mama yake, shangazi yake na babu. Baba yuko mbali kikazi. Mama anafua mashuka hotelini, zamu ya usiku. Shangazi anashona magunia kiwandani, zamu ya mchana. Wanalala kitanda kimoja kwa kupokezana, na mto wao haupati kupoa. Kila alfajiri wanapishana mlangoni.

"Umeamkaje, wifi?"

"Sijaamka, wifi. Nimesimama tu."

Mazungumzo yao huishia hapo.

Babu alikuwa fundi saa mpaka macho yalipomchoka. Ana kisukari. Zahanati walimpa vidonge vya kushusha sukari, ameze kimoja kila asubuhi pamoja na chakula. Kwa kuwa mama akirudi huanguka kitandani kama shuka lililolowa, kazi ya vidonge alipewa binti. Akapiga mistari kwenye daftari, na kila kidonge kikimezwa akaweka alama ya vema. Babu akambatiza jina la Karani.

"Karani, umeshaniandika?"

"Meza kwanza, babu. Usije ukanifukuzisha kazi."

Sasa, babu ndiye baba yake shangazi; alimpenda, na alikuwa amechoka kumwona anakonda. Mwenzake wa kiwandani akampa unga wa majani machungu, akisema ulimsaidia mjomba wake. Basi kila alfajiri, kabla ya kwenda kazini, shangazi akawa anakoroga kijiko kimoja kwenye maji ya moto, na babu anakunywa huku amefumba macho. Siku ya tatu binti akawakuta.

"Usimwambie mama yako," shangazi akasema, akifunga viatu. "Atasema naingilia kazi yake, na mimi sina nguvu ya kugombana na mtu ninayemwona dakika mbili kwa siku. Haya ni majani tu. Majani hayana neno."

"Niandike kwenye daftari?"

"Daftari ni la dawa, mwanangu."

Basi hakuandika. Wiki ya pili babu akaanza kulalamika kizunguzungu. Shangazi akadhani ugonjwa umezidi na unga hautoshi, akaongeza kijiko cha pili. Binti akaliona hilo pia. Aliniambia kwamba tangu siku hiyo usingizi wake ulikuwa wa kukatikakatika. Mara mbili alimwendea mama ili amwambie, na mara mbili alimkuta amelala na viatu miguuni. Akamhurumia, akarudi.

Jumamosi moja babu alikunywa vijiko vyake viwili, uchungu ukamkata hamu ya kula, mkate akauacha mezani. Kidonge akameza kama kawaida. Binti akaweka alama. Saa nne, akiwa anaosha vyombo, akamsikia babu anamwita "mama". Akadhani ni utani. Alipomwendea alikuta shati limelowa jasho na mikono inatetemeka, mikono ile ile iliyokuwa ikishika skrubu ndogo kuliko chawa.

"Babu, unaumwa?"

"Mama, funga dirisha. Mvua inaingia."

Nje jua lilikuwa linawaka.

Binti akamwamsha mama. Jirani yao mmoja, fundi baiskeli, akaleta mkokoteni, wakampakia babu na kumsukuma mitaa mitatu mpaka zahanati. Binti akabeba daftari lake, na njiani mama akampigia shangazi simu.

Muuguzi akamtoboa babu kidole, akatazama kipimo. "Sukari imeshuka mno," akasema. Kwa kuwa babu bado aliweza kumeza, akamnywesha maji ya sukari taratibu. Shangazi akafika anahema, nyuzi za magunia zimemjaa nyweleni.

Tabibu naye alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi. "Kuna kitu kingine anatumia, zaidi ya vidonge vyetu?"

"Hakuna," mama akajibu. "Tazama daftari."

Tabibu akafunua kurasa. "Daftari safi kabisa. Kama ni hivi, basi kidonge chetu kimemzidi nguvu. Itabidi nikibadilishe."

Binti akamtazama shangazi. Shangazi alikuwa anatazama sakafu. Hapo binti akaelewa kwamba daftari lake linalosifiwa linamdanganya tabibu, na atakayeumia ni babu.

"Si kidonge peke yake," akasema kwa sauti ndogo. "Babu anakunywa unga wa majani kila alfajiri. Kwanza kilikuwa kijiko kimoja. Sasa ni viwili. Na leo hakula."

Mama akageuka polepole. "Ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Mimi ndiye niliyemkataza kusema," shangazi akadakia. "Mwache mtoto. Nigombeze mimi."

Mama akafungua mdomo, kisha akakaa kwenye benchi. "Nitakugombeza kwa mdomo gani, wifi? Na mimi kila nikirudi nampa vitamini nilizopewa na mwenzangu wa hotelini. Sikuona kama ni dawa. Hata nilipoulizwa sasa hivi hazikunijia akilini."

Babu, akili ikianza kumrudia, akasema kitandani, "Kumbe saa imeshikwa na mafundi wawili, kila mmoja anakaza skrubu kwa siri. Na mimi nanyamaza nisimuudhi mtu."

Tabibu alivuta kiti. Alisema kama mtu ambaye tangu asubuhi amekwisha kusema jambo hilo mara tatu, lakini hakuyafupisha maneno.

"Kidonge chetu kinashusha sukari. Majani machungu, mengine nayo hushusha sukari. Ukiyaweka pamoja, tena tumbo likiwa tupu, sukari inashuka mpaka mtu hajui yuko wapi. Mngechelewa, angeweza kuzimia asiamke. Majani yana nguvu, ndiyo maana watu huyatumia. Na chenye nguvu kinaweza kuisukuma dawa ipite kiasi, au kuizuia isifanye kazi. Dawa ya sukari, ya presha, ya moyo, zote. Vitamini nazo ni hivyo hivyo. Kabla hamjampa mgonjwa majani, unga au vitamini, leteni hapa au kwa mfamasia, muulize. Na vidonge vya hospitali msiache wala kupunguza wenyewe. Sitamcheka mtu kwa kuuliza. Ninachoogopa ni kumtibu mtu nisiyejua anakunywa nini."

"Na huo unga?" shangazi akauliza.

"Uache. Vitamini nazo ziwekeni kando, mniletee kopo nilisome. Mzee atalala hapa mpaka kesho, maana sukari inaweza kushuka tena." Kisha akamgeukia binti. "Wewe ulikawia kusema, lakini umesema. Mtu mzima akikwambia ufiche kitu kinachoingia mdomoni mwa mgonjwa, siri hiyo usiipokee, hata kama anayekwambia unampenda."

Alasiri ile wanawake wawili walikaa benchi moja, kando ya kitanda cha babu. Hawakuwa wamezoea kukaa pamoja. Shangazi akamshika binti mkono. "Nilikutwisha mzigo wangu. Nisamehe, mwanangu." Binti akaitikia kwa kichwa.

"Nasikia unakoroma, wifi," mama akasema baadaye.

"Nani kakwambia?"

"Karani wetu, huyo hapo pembeni yako."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Babu akasinzia. Mama akamwegemea wifi yake begani, akalala. Shangazi akafuata akiwa amekaa wima, mguu mmoja unagusagusa sakafu kana kwamba anakanyaga cherehani. Binti akabaki macho.

Muuguzi akaja, akampima babu tena. "Imekaa sawa. Lala, mwanangu. Nitamwangalia mimi."

Binti akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama, na kabla muuguzi hajaufikia mlango, alikuwa amelala.