Kifuniko Kilichogeuzwa Kihori

Ndugu zangu wa Mbinga, sikilizeni, na anayetaka kununa anune.

Nyumba ya Othmar ilikuwa na amani. Alimenya kahawa kwa mashine ya mkono. Yeye anazungusha, dada yake Gertruda anamimina matunda. Kisha soko likafunguliwa, wanunuzi binafsi wakapanda kwetu na magari yao, na Othmar akanunua mashine ya injini. Majirani wakamjazia uani kahawa ya kumenywa.

Mkanda wa mashine ulikuwa na kifuniko kizito cha bati. Kila ulipolegea, sharti ufungue nati zote, kazi inalala. Othmar akaking'oa, akakigeuza kihori cha nguruwe.

"Kirudishe, Baba Hildegardi," mkewe Bonifasia alimwambia.

"Aliyeiunda ni fundi. Mashine haina kasoro."

"Fundi aliwaza itakavyofanya kazi. Mimi nawaza siku itakapokosea. Kwani ngoro tunachimba kwa ajili ya mvua nzuri?"

Othmar akacheka. Mmatengo mzima, aliyelelewa na mashimo ya ngoro yanayozuia mvua kubwa isibebe shamba, anacheka!

Juma lile lile mkanda ulinasa khanga ya Gertruda, ukavuta na mkono. Alipiga yowe. Mashine ya mkono ukipiga yowe inasimama, maana anayeizungusha ana masikio. Injini haina.

Gertruda alirudi kutoka hospitali bila mkono wa kulia. Othmar akasema hakufunga khanga vizuri. Kisha, bila haya, akamweka binti yake Hildegardi pale pale amimine matunda.

Bonifasia alizima injini, akavua mkanda, akaukalia mbele ya watu.

"Kahawa itachacha, mama," majirani walilalamika.

"Ichache. Mwanangu simpi injini."

"Unaniaibisha," alisema Othmar.

"Aibu yako iko bandani, nguruwe wanakula pumba ndani yake. Kaichukue."

Bonifasia hakuinuka mpaka jua likaelekea Ziwa Nyasa. Mwishowe Othmar alikwenda bandani, akamwaga pumba, akaosha kifuniko kwa mikono yake miwili. Gertruda alikuwa barazani anamtazama. Othmar alishindwa kuinua macho.

FUNZO

Chombo kuundwa vizuri hakutoshi. Aliyekiunda hatakuwepo siku kitakaponasa nguo ya mwanao. Basi uliza: kikikosea, kitamshika nani? Na wewe unayeambiwa unachelewesha kazi, chelewesha. Gertruda siku hizi anafunga khanga kwa mkono mmoja na meno.