Nilikwambia Vile Laini

Mtaa wa Kongo ulikuwa umefurika, na Mwalimu Severa alishakanyagwa mara mbili kabla hajafika kwenye duka la vifungashio. Alivaa gauni la bluu, mtumba wa Mchikichini uliomkaa kama ameshonewa, na jasho lilikuwa linamharibia poda.

"Mambo, Mangi? Naomba mifuko laini."

Mwenye duka, kijana mrefu, Mchaga wa Machame aitwaye Elisaria, alimkagua kuanzia viatu. "Hatuuzi, dada. Imepigwa marufuku. Umetumwa na serikali?"

"Nimetumwa na somo la baiolojia! Nataka vile vifuko virefu vya kugandishia barafu za ubuyu. Vichache tu, vya jaribio darasani."

Elisaria alicheka mpaka akashika kaunta, kisha akampa bunda zima na namba yake ya simu. Angekuwa makini, Severa angemjua mtu huyu siku hiyohiyo.

Maana mwaka mzima wa mapenzi ulienda hivyohivyo. Akitaka chipsi kavu, analetewa na kuku mzima. Akisema kichwa kinamuuma, anataka kulala tu, Elisaria anafika na supu na dada zake wawili wa kumpa pole. Severa alimpenda, jamani, alimpenda sana, lakini kabla hajamaliza sentensi mwanamume alikuwa ameshaamua. Alipomwomba waoane, Severa alijibu, "Nipe muda." Elisaria akaenda kuulizia ukumbi.

Kisha likaja jaribio la mwaka huu, na mkuu wa shule angekaa darasani kumpima. Severa akapiga simu.

"Baby, niwekee vile vifuko vya barafu. Vile laini kuliko vyote. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mwalimu wangu."

Wapi! Elisaria aliona mpenzi wake anastahili vilivyo bora, akamchagulia vile vizito, visivyovuja hata ukivikanyaga.

Darasani Severa alijaza uji mwepesi wa wanga kwenye kifuko, akakifunga, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji yenye iodini. "Utando huu unachagua," aliwaambia wanafunzi. "Chembe ndogo za iodini zitapenya, chembe kubwa za wanga zitabaki ndani. Mtaona uji unageuka bluu nyeusi."

Wakasubiri. Kengele ikalia, uji mweupe vilevile. Wanafunzi wakacheka, na mkuu akasema atarudi kesho.

"Umenipa vifuko gani?" Severa alifoka kwenye simu, amesimama katikati ya viwanja vya Mnazi Mmoja, watu wakimgeukia.

"Daraja la kwanza, mpenzi! Havipitishi kitu!"

"Nilitaka vinavyopitisha!"

"Sasa mfuko unaopitisha si mbovu huo?"

"Nilikwambia vile laini! Nikisema laini unasikia vizito, nikisema muda unasikia ukumbi. Nitaishije na mtu asiyeambilika? Basi, Elisaria. Tuishie hapa."

Akakata simu, na machozi yakamtoka kwa hasira.

Asubuhi alimkuta Elisaria kwenye geti la shule, shati halijapigwa pasi, mkononi vifuko vichache, vyepesi.

"Ni hivi?"

Severa alivipikicha kwa vidole. "Ndiyo."

"Basi naingia namwambia mkuu kosa ni langu, halafu nime..."

"Elisaria! Kaa dawati la nyuma. Usiseme neno."

Akakaa, magoti yamebanwa na dawati. Kifuko cha kwanza kilipovuja aliinuka nusu, akameza maneno, akakaa tena. Severa akafunga kingine. Polepole rangi ikaanzia pembeni, uji ukawa bluu, kisha karibu mweusi, na maji ya nje yakabaki na rangi yake ya chai ya rangi. Darasa zima likapiga makofi, hata mkuu. Elisaria alikuwa ameloa jasho.

Wakatoka nje, kwenye baraza.

"Naruhusiwa kusema sasa?"

"Sema."

"Nisamehe. Nilidhani nikikupa zaidi ndiyo nimekupenda."

Severa alimtazama. Bado alikuwa anamkera. Bado alikuwa anampenda.

"Niulize tena lile swali."

"Utakubali tuoane?"

"Ndiyo. Lakini nataka harusi ndogo."

Elisaria akafungua mdomo. Ukoo mzima wa Machame ukampita machoni, na ng'ombe wa kuchinja, na bendi ya matarumbeta. Akaufunga mdomo.

"Ndogo kiasi gani?" aliuliza.

Severa aliegemea ukuta, akaanza kumweleza, naye akamsikiliza mpaka mwisho.