Ulingo Uliotazama Nyumba

Mwizi angechukua mbao. Hilo ndilo lililomkera Marselino asubuhi ile alipofika chini ya mkwaju na kukuta ulingo wake umefumuliwa. Mbao zilikuwa zimepangwa moja juu ya nyingine, kamba zimekunjwa vizuri, na misumari yote, hata ile iliyompindia alipokuwa akiigongea kwenye mti ule mgumu, ilikuwa imelazwa juu ya mzizi ikiwa imenyooshwa.

Alikuwa ameuhangaikia kutwa nzima. Kila jua likielekea kuzama, nguruwe pori walitoka kwenye matete ya bondeni wakauvamia mpunga wake, nje kidogo ya Michenga. Kijiji kilikuwa kimemruhusu kuwawinda, na gobore alilorithi kwa baba yake lilikuwa na kibali. Lakini akikaa chini, walinusa harufu yake, akaambulia kuona mikia tu. Alichohitaji ni mahali pa kukaa juu ya mti.

"Ni Joshua," alimwambia mkewe. "Anataka nikate tamaa, ng'ombe wake wapate pa kupita."

"Joshua ndiye akae akunyooshee misumari?" Philomena aliuliza.

Marselino alichukua nyundo. Alijenga upya, akaongeza misumari, akakaza na kamba za magome. Kesho yake akakuta vilevile: mbao chini, kamba zimekunjwa, misumari imenyooka. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye zizi la Joshua na kumtolea maneno mbele ya wake zake.

Joshua alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Kaka Marselino, mimi sina haja na mti ule," alisema. "Hata ng'ombe wangu hawalali kwenye kivuli chake. Jua liwake vipi, wanauzunguka. Nilidhani unajua."

Marselino alirudi akiwa na hasira kuliko alivyokwenda. Mchana uleule, jua likiwa utosini, alianza kujenga kwa mara ya tatu. Alikuwa katikati ya ngazi, ubao begani, fundo alilolishika lilipofunguka lenyewe mkononi mwake, taratibu, kama lililofunguliwa na vidole. Akaanguka chali. Ubao ukamfuata na kumpiga kwenye goti.

Alilala pale akitweta, kisha akapiga kelele akiutazama mti. "Haya! Kama mti ni wako, panda wewe! Kaa wewe, uwinde unachotaka!"

Kwelea waliokuwa wakipigania masuke wakanyamaza wote. Likapita vumbi lenye harufu ya mvua, na angani hakukuwa na wingu. Na ndani ya harufu ile mlikuwa na nyingine, tamu, kama marashi yaliyomwagwa juu ya ngozi mbichi.

Kulipokucha ulingo ulikuwa juu ya mti. Haukuwa na msumari hata mmoja. Ulifungwa kwa mafundo ambayo Marselino hakuyajua, na ulikaa imara kana kwamba mti uliota nao. Mwanzoni alifurahi, maana alikuwa amechoka. Akapanda, akaketi, akaweka gobore mapajani, ndipo akagundua kwamba shamba liko mgongoni kwake.

Mbele yake matawi yalikuwa yamekatwa kwa uangalifu ili kuacha uwazi wa kuonea. Na mwisho wa uwazi ule palikuwa na nyumba yake, mlango uko wazi, na Philomena ameinama kwenye mafiga akipuliza moto.

Aliugeuza ulingo. Jasho lilimtoka, vidole vikachubuka, lakini aliugeuza ukatazama mpunga. Asubuhi yake ulitazama nyumba. Akaugeuza tena, ukarudi tena. Akatafuta shoka, na shoka likateleza kwenye mpini mara tatu, mara ya mwisho likampita jirani na unyayo. Alilitupa kwenye majani na kukaa chini akiuma meno. Na kilichomwudhi zaidi ni kwamba nguruwe walikuwa wameacha kuja. Mpunga ulinona, masuke yakainama, majirani wakampa hongera.

Philomena ndiye aliyeanza kukonda. Aliacha kupika nje.

"Baba Steven," alinong'ona siku moja, macho kwenye sufuria. "Nikiinama, nasikia zile kamba zinalia. Kama mtu anayejiweka sawa kwenye kiti. Nikisimama, zinanyamaza."

"Ni upepo."

"Leo hakuna upepo."

Jioni mbili baadaye alikwenda kisimani na ndoo. Marselino alikuwa akinoa mundu barazani, akamwona mkewe anaitua ndoo njiani, anageuza kichwa kama aliyeitwa, kisha anashika njia ya mkwaju kwa mwendo wa mtu anayekwenda kwake. Alipomfikia, mguu wake mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi.

"Unakwenda wapi?"

Philomena alimshangaa. "Si umeniita mwenyewe? Umesema nije nione huku juu kulivyo."

Marselino alimbeba hadi ndani na kufunga mlango. Kulipokucha alipanda bodaboda kwenda Ifakara kumtafuta Bi Mwanaheri, mama mmoja muuza viungo sokoni, ambaye watu walimfuata kwa kisomo hata kutoka kijiji cha Mbingu. Alikuja na chetezo, akachoma ubani kizingitini, akautazama mkwaju kwa mbali.

"Ulimwambia nini mwenye mti ule?" aliuliza.

Marselino alirudia maneno yake, uso umemshuka.

"Basi ulimkaribisha mwenyewe, itabidi umuage mwenyewe. Mimi nitasoma nikiwa na mkeo hapa. Wewe nenda kasimame chini ya ngazi, umshukuru, umwombe ashuke. Usitazame juu. Na hasira yako uiache hapa, mwanangu, maana neno moja tu la ukali atalichukua kama ulivyompa lile la kwanza."

Akaenda. Jua lilikuwa la asubuhi, kweupe kabisa. Alisimama kichwa kimeinama, mikono nyuma, akasema, "Asante kwa kunilindia mpunga. Kazi imekwisha. Naomba ushuke." Na kwa muda hakukusikika kitu ila sauti ya Bi Mwanaheri ikisoma kule barazani, kisha kamba zikalia, na ngazi ikalia, kipandio kimoja, kimya, kipandio cha pili, kimya kirefu zaidi, na ile harufu ya marashi na ngozi ikamjaa mdomoni hata akaionja, na hasira ikampanda kooni kwa kuchezewa hivi kwenye shamba lake mwenyewe, akaimeza, na juu kidogo tu ya utosi wake sauti ya Philomena, laini, ya usingizini, ikasema, "Baba Steven, nipokee mkono," naye akijua kwamba Philomena wa kweli yuko nyuma yake akilia, aliing'ang'ania mikono yake nyuma ya mgongo mpaka kucha zikamkata, hakutazama, hakujibu, mpaka kitu kizito kikatua ardhini mbele ya miguu yake, kikasimama pale kikipumua, kisha kikampita ubavuni na kuelekea kwenye matete, na mpunga ukainama njia nzima kilikopita.

Bi Mwanaheri aliwaamuru waufumue ulingo palepale na kuchoma kila ubao. Mafundo yalifunguka yenyewe walipoyagusa.

Jioni ileile nguruwe walirudi. Walikuja kundi zima, kama waliokuwa wakisubiri ruhusa. Marselino na Philomena walipiga madebe mpaka mikono ikafa ganzi. Joshua, pamoja na matusi aliyotukanwa, alikuja na mbwa wake kuwasaidia, lakini kulipokucha shamba lilikuwa tope na mabua.

Palibaki duara moja tu la mpunga chini ya mkwaju, limesimama, limeiva vizuri kuliko lote. Hakuna nguruwe aliyelikanyaga.

"Liache," Philomena alisema.

"Nimelima mwenyewe. Nimepanda mwenyewe. Nisivune hata hiki?"

Alichukua mundu, akaingia, akashika fungu la kwanza. Juu yake, kwenye tawi tupu lisilo na ubao wala kamba, kitu kikalia, kama mtu anayejiweka sawa kwenye kiti.

Marselino aliliachia lile fungu. Alilinyoosha kwa mkono, bua kwa bua, likasimama kama alivyolikuta.

"Samahani, mzee," alisema kwa upole, akarudi kinyumenyume hadi alikokuwa mkewe.

Mpunga ule ulisimama pale mpaka ukapukutika wenyewe.