Jua Halimngojei Mkwe

Sogeeni, enyi wenye wakwe na enyi wakwe wenyewe, hasa nyinyi wa mwisho.

Nyumba ya Haji Mureed, hapa Multan, iliamka kwa furaha Jumapili moja ya mwezi wa Juni. Adhana ya alfajiri ilipomalizika, chapati za parata zilikuwa tayari zikilia katika samli. Shamim, mke wa Altaf mwana wa Haji, alizigeuza huku binti yake Kinza, mwenye miaka minne, akizunguka jikoni na kuimba, "Mtoni! Mtoni!" Ndoo ya bati ilijaa barafu na maembe. Mpango ulikuwa wa watu wenye akili: wafike ukingo wa mto Chenab jua likiwa bado changa, watoto wachezee maji, warudi mapema. Juni yetu mnaijua. Ikifika saa nne mbwa wote wameingia mitaroni, na mbwa hawajasoma.

Watoto walikwishapanda nyuma ya pikapu Haji aliposema, "Shukeni. Shahnawaz bado."

Shahnawaz ni mume wa Rubina, binti wa Haji. Nasi kwetu mkwe ni sultani wa nyumba isiyo yake: haulizwi, hakosolewi, na bila yeye chungu hakifunuliwi. Sultani huyu alikwishagundua kwamba anayewahi hupokewa kwa salamu, anayechelewa hupokewa kwa shangwe. Basi akawa bingwa wa kuchelewa.

Haji akampigia simu. "Tuko njiani, baba," akajibu Shahnawaz, kisha akapiga mwayo mrefu hata Altaf aliyekaa pembeni akausikia.

"Njia hiyo ina kitanda," Altaf akanong'ona.

Shahnawaz na mkewe walifika saa sita kasoro, yeye amejipaka mafuta mazuri, akaomba sharubati. Nusu ya barafu ya ndooni ikaishia katika bilauri zake.

Shamim akamvuta mumewe kando. "Baba Kinza, twende jioni. Jua hili si la mtoto."

"Kamwambie baba. Mimi shingo yangu naipenda."

Akaenda. Haji akamsikiliza huku akitazama mlangoni, asije mkwe akasikia. "Mwanangu, mtu amekuja kwa ajili ya mto. Nimwambie arudi? Kesho ukoo mzima utasema tumemfukuza."

"Na watoto, baba?"

"Watoto wamezaliwa katika jua hili. Na Kinza mvalishe lile gauni la mahameli aliloletewa na Shahnawaz. Ni adabu."

Mahameli! Mwezi wa Juni! Shahnawaz akacheka kutoka kwenye kochi. "Shemeji, watoto wa siku hizi mayai. Sisi tulicheza kriketi mchana kutwa."

"Nani, wewe?" Rubina akamdaka. "Wewe ulikaa kivulini ukila karanga za wachezaji."

Wakacheka wote, nao wakaondoka hivyo hivyo wakicheka. Haji na mkwe walikaa mbele, kwenye upepo wa baridi wa kiyoyozi. Watoto walikaa nyuma, kwenye bati linalochoma mapaja.

Huko mtoni maji yalikuwa yamerudi mbali, pamebaki mchanga mweupe unaowaka. Palikuwa na turubai moja tu, na chini yake akalala mkwe, mto wa kuegemea kwapani, sahani kifuani. Kwa heshima yake wengine walibanana pembezoni, jua likiwala migongo.

Kinza hakuimba tena. Shamim alimgusa shingo, akaikuta kavu na ya moto, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.

"Mama," mtoto akasema kwa ulimi mzito, "kwa nini mto uko juu?" Akatapika juu ya mahameli, macho yakageuka meupe.

Shamim alilichana lile gauni toka shingoni hadi pindoni. Akaipiga teke sahani ya pilau, akamlaza mwanawe kivulini mahali pa sultani, akaikamata ndoo.

"Polepole, shemeji!" Shahnawaz akaruka. "Maembe yangu hayajapoa!"

Temeni mate chini, jamaa zangu. Mimi nimepigwa na dunia mashavu yote mawili na bado nacheka, lakini neno hilo likinijia mezani, huisukuma sahani mbali.

Shamim alimimina maji yale yote ya barafu juu ya mtoto, maembe yakabiringika mchangani.

"Shamim!" Haji akafoka. "Mbele ya mkwe?"

Hapo Altaf akaipata ile shingo yake. "Baba, lete funguo."

Kinza akalazwa kiti cha mbele mapajani mwa mama yake, kwenye ubaridi. Haji akapanda nyuma, kwenye bati. Mkwe akabaki mtoni na turubai lake.

Zahanatini, daktari aliuliza, "Nani alimmwagia maji?"

"Mama yake," akajibu Altaf.

"Basi yeye ndiye aliyewaepushia kununua sanda. Na nani aliyemtoa nje saa hizo?"

Haji akatazama viatu vyake. Jioni Kinza alifumbua macho, akamwona, akauliza, "Babu, tumefika mtoni?" Mzee akageukia ukutani, mabega yakitikisika.

Mwezi uliofuata wakapanga tena. Shahnawaz akafika saa sita, manukato yakimtangulia, akamkuta Haji barazani.

"Baba, tunaondoka saa ngapi?"

"Tumekwenda na tumerudi, mwanangu. Watoto wamelala. Kaa ule embe, leo limepoa vizuri."

FUNZO

Heshima ni kitu kizuri, lakini heshima inayopikwa kwa mwili wa mtoto ni uchafu, na anayeila ni mchafu kuliko aliyeipika. Ukimtoa mwanao nje katika mji wa joto, saa ya kuondoka ipangwe na jua. Kivuli, maji na nguo nyepesi ni vya mdogo kwanza. Anayechelewa aachwe. Mkubwa akinuna, kesho atacheka. Mtoto akizimwa na jua, hakuna shangwe ya kumpokea tena.